Kuchangia Damu kwa Hiari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tumeyaokota kwenye meza za uandikishaji: viwanja vya shule, stendi za mabasi, nje ya misikiti na makanisa. Mengine huulizwa kwa sauti mbele ya watu, mengine mtu hukuvuta pembeni kwanza. Tumeyaacha jinsi yanavyoulizwa. Masharti yaliyotajwa ni yanayofuatwa Tanzania. Msomaji wa Kenya, Uganda au kwingineko atakuta tofauti ndogondogo, basi aulize kituo cha kwao.

## Mambo ya msingi

1. Kuchangia kwa hiari maana yake nini? Si damu ni damu tu?

Ni kutoa damu bila kulipwa, bila kushinikizwa, na bila kujua itamfikia nani. Njia ya pili ni ile inayofahamika na wengi: mgonjwa amelazwa, ndugu wanaambiwa walete watu wachangie ili kufidia chupa zilizotumika. Ya tatu ni kuuza damu. Tangu mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani umekuwa ukizihimiza nchi zitegemee wachangiaji wa hiari wasiolipwa, na sababu kubwa ni usalama (tazama swali la 13).

Tanzania kazi hii inasimamiwa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Dar es Salaam kituo kipo Mchikichini, Ilala. Vituo vingine vya kanda vipo Mwanza, Moshi, Mbeya, Tabora na Mtwara, na hospitali nyingi kubwa zinapokea wachangiaji pia.

2. Nani anaruhusiwa?

Mtu mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wekundu wa damu (hemoglobini) usiopungua gramu 12.5 kwa desilita, na anayejisikia mzima siku hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha wanasubiri. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Hali nyingine zipo sehemu ya mwisho.

3. Nikifika inakuwaje?

Unaanza na fomu. Kisha mshauri anakaa na wewe faragha na kukuuliza maswali, mengine ya ndani kabisa: wapenzi, sindano, safari, dawa unazotumia. Haulizi kwa udaku. Majibu yako ndiyo kinga ya kwanza ya mgonjwa, kabla hata maabara haijagusa damu hiyo.

Unapimwa uzito na presha, halafu unatobolewa ncha ya kidole. Tone la damu linadondoshwa kwenye kichupa chenye maji ya buluu ya mrututu. Likizama moja kwa moja, wekundu unatosha. Likielea au likisitasita katikati, unaambiwa ukale vizuri urudi siku nyingine. Vituo vingine vina kimashine kinachosoma namba.

Kitandani, mkono unafungwa mpira juu ya kiwiko, mshipa unatafutwa, sindano inaingia. Maumivu ni hapo tu, sekunde chache. Mfuko umewekwa chini ya usawa wa kitanda, ndani yake mna dawa ya kuzuia damu isigande, nao unatikiswa taratibu ili damu na dawa vichanganyike. Wewe kazi yako ni kukunja na kukunjua kiganja. Dakika kumi hivi mfuko umejaa. Baada ya hapo unalala kidogo, unapewa soda na biskuti, unakaa kama robo saa. Tafadhali usikimbie kikao hicho cha soda. Kizunguzungu huwapata zaidi wale wanaoinuka haraka kuwahi daladala.

4. Mnachukua kiasi gani, na inarudi lini?

Takriban mililita 450, chini kidogo ya nusu lita. Mtu mzima ana kama lita tano mwilini. Majimaji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili ukinywa maji ya kutosha. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na akiba ya madini ya chuma huchelewa zaidi, ndiyo maana kuna ile miezi mitatu na minne. Maharage, dagaa, maini, mchicha na matembele vinasaidia sana. Chai ya rangi iache ikae mbali na mlo, kwa sababu inauzuia mwili kufyonza chuma cha kwenye chakula.

5. Damu yangu anapewa nani?

Mara nyingi zaidi, mama na mtoto. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zenye kipato cha chini hadi asilimia 54 ya damu wanaongezewa watoto walio chini ya miaka mitano. Huku kwetu sababu tunazijua: malaria kali inayommaliza mtoto damu, na selimundu (sikoseli). Wapo pia akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, majeruhi wa bodaboda na mabasi, wanaofanyiwa upasuaji, na wagonjwa wa saratani.

Chupa moja inaweza kutenganishwa ikawa chembe nyekundu, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) na plazma (yale majimaji ya damu), kwa hiyo inaweza kumfikia mgonjwa zaidi ya mmoja.

## Woga na yanayosemwa mitaani

6. Nimeambiwa ukianza kuchangia lazima uendelee, usipoendelea damu inazidi mwilini. Ni kweli?

Si kweli, na hofu hii inatunyima wachangiaji wengi kuliko hofu ya sindano. Mwili una kipimo chake. Ukipungukiwa, figo hutuma kichocheo kinachoamsha uboho utengeneze chembe nyekundu; zikitosha, kichocheo kinapungua na kazi inatulia. Hakuna damu inayoendelea kufurika kwa sababu mwaka huu hukwenda kituoni. Changia mara moja katika maisha yako, au mara tatu kwa mwaka. Mwili hauna deni na wewe.

7. Nitanenepa? Nitakonda? Nguvu za kiume zitapungua?

Hapana, mara tatu. Anayenenepa baada ya kuchangia amekula zaidi.

8. Naweza kuambukizwa ugonjwa kwa kuchangia?

Mfuko na sindano yake ni vipya, vinafunguliwa mbele yako na havitumiki kwa mtu mwingine. Ukitaka kuona vikifunguliwa, omba. Hakuna mhudumu mwema atakayekasirika.

9. Sisi tunatoa bure, halafu ndugu yetu akilazwa tunaambiwa tulipie. Kwa nini?

Swali hili huja na hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Damu yenyewe haiuzwi. Zinazogharimu ni shughuli zinazoizunguka: mfuko, vitendanishi vya kupima magonjwa, majokofu yanayotakiwa kuwaka usiku na mchana, gari la kusafirisha, na kipimo cha kuona kama damu ya chupa inakubaliana na ya mgonjwa. Sehemu kubwa ya gharama hizo hubebwa na serikali na wafadhili. Kenya waliona uzito wake mwaka 2019, msaada wa Marekani kwenye huduma ya damu ulipokoma na benki za damu zikaanza kukauka. Hospitali, hasa za binafsi, zinaweza kudai malipo ya vipimo na huduma, na malipo hayo lazima yawe na risiti.

Ni jambo jingine kabisa mtu akikufuata kwenye korido na kukunong'oneza kwamba chupa ipo, "toa kitu kidogo". Huo ni wizi. Usilipe. Nenda kwa mganga mfawidhi wa hospitali, taja wodi na saa, na ukiweza nenda na shahidi. Hakuna kitu kinachoua moyo wa kuchangia kama mtu huyo mmoja wa korido, kwa sababu kila anayemlipa atawasimulia majirani mtaa mzima, na mtaa huo hatutaupata tena kwa miaka.

10. Bibi anasema hawa ni mumiani.

Msikilize bibi kwanza. Enzi za ukoloni, kuanzia Mombasa na Nairobi hadi Dar es Salaam na Kampala, watu walisimuliana habari za mumiani na wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwakamua damu ili itengenezwe dawa za wakubwa. Wazimamoto wa kweli hawakuwa wakifanya hivyo. Lakini watu walikuwa wanaishi chini ya utawala uliochukua ardhi, kodi na nguvu zao bila kuwaambia chochote, na kuwaamini watu wa serikali wanaotaka damu ilikuwa vigumu. Simulizi hizo zimebaki, na huamka upya kila gari la damu linapoingia kijijini bila taarifa.

Kumcheka bibi hakusaidii. Kinachosaidia ni uwazi. Timu ifike kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, iseme damu inakwenda hospitali gani, na baadaye irudi kueleza ilivyotumika. Mchangiaji naye ana haki ya kuona namba iliyobandikwa kwenye mfuko wake, kuuliza itapimwa wapi, na kupewa majibu yake. Ukinyimwa majibu ya maswali hayo, una haki ya kushuka kitandani.

11. Kusema kweli, naogopa majibu.

Huyu ndiye anayetuvuta pembeni. Kila mfuko unapimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na mtu anahisi kama anakwenda kuhukumiwa.

Majibu ni ya kwako. Hayatangazwi wala hayapelekwi kazini kwako au shuleni, na anayekupa ni mshauri, mkiwa wawili. Likionekana tatizo, unaelekezwa kliniki. Kaswende inatibika, VVU ina dawa zinazomwezesha mtu kuishi miaka yake, na homa ya ini C sasa ina tiba. Homa ya ini B ndiyo inayowashtua wengi, kwa kuwa mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila dalili hata moja. Kuijua mapema ni nafasi ya kulinda ini lako na kuwachanja watu wa nyumbani kwako.

12. Basi nije nichangie ili nipime Ukimwi bure?

Tafadhali, usije kwa sababu hiyo. Mtu aliyeambukizwa karibuni ana siku ambazo virusi vimo kwenye damu lakini kipimo bado hakivioni. Ukichangia siku hizo, mfuko unaweza kupita. Kama una wasiwasi, nenda kituo cha ushauri nasaha na upimaji. Huko nako ni bure na ni siri. Na kama umeshafika mezani ukakumbuka jambo, mwambie mshauri kwamba ungependa usichangie leo. Hatakuuliza mbele ya watu.

## Ndugu, dini na mazoea yetu

13. Kwa nini nisisubiri mpaka ndugu yangu augue? Hapo nitatoa hata chupa mbili.

Watanzania si wachoyo. Mtu akilazwa, utaona ndugu, wafanyakazi wenzake na majirani wamejaa kwenye benchi la maabara wakisubiri kutobolewa kidole. Upendo upo, tatizo ni saa.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Damu unayoitoa wewe saa hiyo inatakiwa kupimwa magonjwa manne, kujulikana kundi na kuingizwa kwenye orodha kabla haijafaa kumwingia mtu. Kinachomwokoa mama huyo ni chupa iliyokuwa tayari kwenye jokofu kabla hajashikwa na uchungu, na chupa hiyo ilitolewa na mtu asiyemjua. Ya kwako inakwenda kufidia.

Halafu kuna shinikizo. Chukua kijana ambaye anajua kabisa kwamba mwezi uliopita alijiweka kwenye hatari. Baba mkubwa amewapanga vijana wote wa ukoo foleni, shangazi analia, mgonjwa ni dada yake. Je, atasimama mbele ya wote aseme "mimi nisitoe"? Wengi hunyamaza na kunyoosha mkono. Anayekuja kwa hiari yake, siku ya kawaida, hana wa kumwonea aibu. Akiwa na shaka anaahirisha, basi. Ndiyo maana damu ya mchangiaji wa hiari, hasa anayerudia, ni salama zaidi.

Maafa nayo yanatufundisha hivyohivyo. Nairobi ilipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, na tena baada ya shambulio la Westgate Septemba 2013, watu walijitokeza kwa wingi kutoa damu, na pale Uhuru Park foleni za mwaka 2013 zilikuwa ndefu mno. Moyo huo unastahili heshima. Lakini damu kwenye mfuko wa kawaida haikai zaidi ya siku 35, na chembe sahani ni siku tano tu. Foleni ya wiki moja haiwezi kulisha hospitali mwaka mzima.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba nchi inahitaji angalau chupa sawa na asilimia moja ya watu wake kila mwaka. Kwa sensa ya 2022 iliyohesabu watu milioni 61.7, Tanzania inahitaji zaidi ya chupa 600,000. Watu kama 310,000 wakichangia mara mbili kwa mwaka, bila kusubiri simu ya usiku, hesabu inatimia.

14. Lakini damu ya ndugu si ndiyo inayokubaliana zaidi?

Kukubaliana kunatokana na kundi la damu na kipimo cha maabara, hakutokani na ukoo. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na makundi tofauti kabisa. Na mume asimchangie mkewe ambaye bado anatarajia kuzaa: mwili wa mke unaweza kujenga kinga dhidi ya chembe za mume, kinga hiyo ikaja kumdhuru mtoto tumboni siku zijazo.

15. Mwezi wa Ramadhani je?

Kwa upande wa afya, usichangie ukiwa na njaa na kiu. Njoo baada ya futari, ukiwa umekula na kunywa. Kuhusu saumu yenyewe, wanazuoni wametofautiana, wengine wakiilinganisha na kuumika. Muulize sheikh wako. Makusanyo hushuka mwezi huo wakati wagonjwa hawapungui, kwa hiyo meza ya jioni karibu na msikiti, baada ya tarawehe, ina thamani kubwa.

16. Dini yangu inakataza damu.

Mashahidi wa Yehova hawaongezewi damu, na msimamo wao unaheshimiwa. Madhehebu mengine makubwa hapa nchini, ya Kiislamu na ya Kikristo, yanaruhusu kuchangia, na viongozi wake wengi wanahimiza. Kama hujui msimamo wa kanisa lako, muulize kiongozi wako moja kwa moja.

17. Mbona wanawake wanaochangia ni wachache?

Duniani kote, karibu theluthi moja tu ya damu hutolewa na wanawake. Ujauzito na kunyonyesha vinawaweka nje kwa miaka, na upungufu wa wekundu ni wa kawaida zaidi kwao. Hizo ni sababu za kweli. Isiyo ya kweli ni ile kwamba damu ya mwanamke anayepata hedhi ni chafu. Hedhi haichafui damu. Siku hizo kinachoangaliwa ni wekundu na unavyojisikia. Ukiombwa uahirishe wiki moja, ahirisha.

18. Kwa nini kila mara mnakwenda mashuleni?

Kwa sababu wanafunzi wa kidato cha tano na sita na wa vyuo wapo pamoja, wengi ni wazima, na wakielezwa vizuri wanaitikia. Ila utegemezi huu una gharama yake: shule zikifungwa, akiba inashuka, na mwaka 2020 zilipofungwa kwa sababu ya korona pengo lilionekana wazi. Nadhani tumewabebesha vijana mzigo wa watu wazima. Maofisi, masoko na vijiwe vya bodaboda vingekuwa na siku yao ya kudumu, likizo isingetutisha.

## Hali za pekee

19. Mimi ni kundi O hasi. Nichangie kama wengine?

Damu yako inaweza kupewa karibu mgonjwa yeyote pale ambapo hakuna muda wa kupima kundi lake, lakini wewe mwenyewe unaweza kupokea O hasi pekee. Huku kwetu kundi O ni la wengi, ila wenye hasi ni wachache mno. Acha namba yako ya simu kituoni na ukubali kuitwa. Mwanamke mwenye kundi hasi lolote aseme mapema kliniki anapokuwa mjamzito. Kuna sindano ya kumkinga mtoto wa baadaye.

20. Nina selimundu. Na dada yangu amebeba nusu, hana ugonjwa.

Mwenye ugonjwa hachangii. Aliyerithi upande mmoja tu mara nyingi anaweza, ila aseme kabla, kwa sababu damu yake haifai kwa mtoto mchanga wala kwa mgonjwa mwingine wa selimundu. Familia zenye wagonjwa hawa ndizo zinazojua uchungu wa kuambiwa damu hakuna. Jamaa na marafiki wao wakijipanga kuchangia kwa zamu mwaka mzima, wodi nzima inanufaika.

21. Malaria, presha, kisukari, chale?

Malaria: maliza dozi, pona kabisa, kisha uliza muda wa kusubiri. Presha: inategemea usomaji wa siku hiyo na dawa unazotumia. Kisukari cha kuchoma insulini: hapana. Chale, tatuu na kutoga kwa kifaa usichokijua: kwa kawaida subiri mwaka mmoja.

22. Nilikataliwa mara ya kwanza. Nirudi?

Rudi, kama hukuambiwa ni kwa kudumu. Wengi huahirishwa kwa sababu ya wekundu au presha ya siku hiyo. Uliza sababu kwa jina lake kabla hujaondoka (kuhusu chakula, tazama swali la 4).

23. Kadi ya mchangiaji inanihakikishia damu nikiugua?

Inaonyesha kundi lako na kwamba ulichangia, na ni vizuri kuwa nayo. Chupa hutolewa kwa uzito wa hali ya mgonjwa. Kama jokofu ni tupu, kadi haiwezi kulijaza.

24. Nilichangia jana, leo nimeamka na homa. Inahusu?

Inahusu sana. Piga simu kituoni sasa hivi, taja jina lako na tarehe, au namba ya mfuko kama unayo. Watautafuta na kuuzuia usitoke. Fanya hivyo hata kama umekumbuka jambo ambalo hukumwambia mshauri, hata kama ni la aibu. Hutaulizwa maelezo marefu. Ukisema tu "damu yangu msiitumie", inatosha.